Tangi la asidi limejaa miaka yote halikuvuja. Limeachwa tupu kipindi kifupi limetoboka. Kwa nini?

#1 Fundi wa Zamu
Wakuu, habari za jioni.

Niko kitengo cha matengenezo kwenye kiwanda kimoja pembeni ya Barabara ya Nyerere. Jina naliacha, naomba nisiulizwe. Tuna tangi la chuma cha kawaida la asidi ya salfuriki ya asilimia 98, tunaitumia kuandaa maji ya boila. Wazee niliowakuta pale wanasema tangi halijawahi kutoa hata tone. Mwaka huu laini ikasimamishwa, asidi ikatolewa, tangi likakaa tupu kusubiri mzigo mpya. Mzigo umeingia, zamu ya usiku wakaona sehemu ya mshono wa chini inalowa na kutoa moshi mwembamba. Kufika asubuhi ni mchirizi.

Kijana mmoja deiwaka alikuwa anafagia upande ule. Suruali ameichomeka ndani ya gambuti, asidi ikateremka na suruali ikaingia ndani ya buti. Ikawa vurugu: mmoja anakimbilia maziwa, mwingine chokaa, mwingine anapiga kelele msimguse na maji, asidi na maji vinalipuka. Kijana yuko hospitali, anaendelea vizuri kwa sababu kuna mama wa usafi hakusikiliza mtu, alimvua buti na kumwelekezea mpira wa maji.

Nataka kuelewa mambo mawili. Kwanza, iweje chuma kikae salama na asidi halafu kife kikiwa kitupu? Pili, nyie wenye uzoefu mngefanya nini saa ile ya kwanza? Uongozi wameshaita fundi wa kuchomelea aje kuzibia kiraka kesho.

#2 Kobe wa Keko
Hakuna muujiza hapo. Chuma kilishaoza zamani, ila hakuna aliyepima unene wake. Mabosi wanapima unene wa faida tu.

#3 Mkemia wa Kitaa
Fundi, kabla ya yote: huyo mchomeleaji mzuieni. Nitarudi kwenye hilo.

Kuhusu swali la kwanza, chuma cha kawaida kikikutana na asidi kali ya asilimia 93 hadi 98 kwenye joto la kawaida, kinaliwa kidogo mwanzoni halafu juu yake kunajengeka tabaka la salfeti ya chuma. Tabaka hilo haliyeyuki kirahisi kwenye asidi kali, kwa hiyo linakaa kati ya asidi na bamba. Fikiria ukoko chini ya sufuria: ukishashika, unachokula kiko juu yake. Ndiyo maana dunia nzima asidi hii inahifadhiwa kwenye matangi ya chuma cha kawaida.

Sasa mmetoa asidi. Ukutani na kwenye kona za chini hubaki utando wa asidi. Asidi kali ina kiu ya maji kupita kiasi, na hewa ya Dar mnaijua, mchana inaingia na unyevu wa bahari, usiku bamba linapoa na umande unashika ndani. Ule utando unavuta maji hadi unakuwa asidi nyepesi. Salfeti inayeyuka, chuma kinabaki uchi mbele ya asidi nyepesi, na hiyo ndiyo inayotafuna chuma kwa kasi na kutoa gesi ya haidrojeni. Madimbwi ya mwisho yanakusanyika wapi? Kwenye mshono wa chini, pale pale penu.

#4 Mtoto wa Buguruni
Mkemia wa Kitaa amesema:
> asidi nyepesi, na hiyo ndiyo inayotafuna chuma kwa kasi

Kaka unataka kuniambia asidi ya asilimia 98 ni mpole na ya asilimia 20 ndiyo kali? Shuleni tulifundishwa kinyume chake.

#5 Mkemia wa Kitaa
Kwa ngozi yako zote ni adui, na ya 98 ni mbaya zaidi. Kwa chuma cha kawaida mambo yanageuka. Angalia gari lenye betri inayovuja: maji ya betri yana asidi kama asilimia 37 tu, lakini kitako cha chuma kinachobeba betri kinaisha. Asidi ileile ya dukani, ikiwa ya 98, imesafiri ndani ya lori la chuma kutoka bandarini.

#6 Moto na Fimbo
Mimi ni mchomeleaji, naomba mnisikilize kwa makini kwenye hili kwa sababu sisi ndio tunaokufa.

Tangi lililokuwa na asidi, likaachwa likaliwa, lina haidrojeni ndani. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, inakaa juu kwenye dari la tangi, na inashika moto ikiwa asilimia 4 tu ya hewa hadi kwenye 75. Cheche moja ya kuchomelea au ya kukatia inatosha. Fundi akiitwa "kuzibia kiraka" haambiwi haya, anaonyeshwa tundu na kuambiwa bei.

Delaware City huko Marekani, tarehe 17 Julai 2001, mafundi walikuwa wanatengeneza njia ya kupita juu ya matangi ya asidi kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta. Tangi moja lilikuwa na matundu ya kutu ambayo wafanyakazi walisharipoti. Cheche zikaingia kwenye haidrojeni, tangi likang'oka kwenye msingi. Mtu 1 akafa, 8 wakaumia, asidi ikafika hadi mtoni.

Fundi wa Zamu, huyo jamaa wa kesho mpigieni simu leo usiku.

#7 Mkemia wa Kitaa
Nakuunga mkono kwa asilimia zote, nakusahihisha sehemu moja tu. Delaware ile ilikuwa asidi iliyokwisha tumika, imechanganyika na mafuta. Kilichowaka ni mvuke wa mafuta uliokuwa juu ya asidi, sio haidrojeni. Kwa tangi la huyu ndugu letu ndiyo ni haidrojeni. Mwisho wake unafanana.

#8 Fundi wa Zamu
Nimeshampigia. Nimemwambia asije mpaka aitwe tena, na nimemwandikia msimamizi kwa maandishi. Asanteni.

#9 Sista wa Zamu ya Usiku
Mimi ni muuguzi wa dharura hapa Dar, na hizi kesi tunazipokea. Huyo mama wa usafi aliyetumia mpira apewe heshima yake.

Asidi au kostiki (ile soda kali ya kutengenezea sabuni) ikimpata mtu mwilini: MAJI, mengi, yanayotiririka, hapo hapo alipo, kabla ya kutafuta gari. Hili la "asidi na maji vinalipuka" ni kweli ukimwaga kikombe cha maji kwenye ndoo ya asidi, kwa sababu joto linatokea na hakuna pa kwenda. Mwilini ni tone la asidi na maji yasiyokoma. Joto linaondoka na maji. Mpira au bafu, sio kitambaa kilicholowa, sio kopo. Dakika 15 ni kiwango cha chini cha asidi. Kostiki ni dakika 30 na zaidi, kwa sababu kostiki haibaki juu, inageuza mafuta ya mwili kuwa sabuni na kuendelea kuzama. Tena mwanzoni haiumi sana, mtu anahisi utelezi tu, anajifuta na kurudi kazini. Huyo ndiye tunayempokea jioni jicho limekuwa jeupe.

Nguo zitoke maji yakiwa yanaendelea. Fulana isivuliwe kwa kupitishwa kichwani, ikatwe kwa mkasi. Pete, saa, soksi, vyote. Ikiwa ni unga au vipande vikavu, kama kostiki ya vipande au chokaa, vipangusweni kwanza ndipo maji. Jicho lifumbuliwe kwa vidole, maji yatoke upande wa pua kwenda nje yasiingie jicho la pili. Aliyemeza asitapishwe.

Maziwa, ndimu, dawa ya meno, chokaa kwenye ngozi: acheni. Ukimwaga alkali kama chokaa juu ya asidi kwenye ngozi ya mtu unaongeza moto wa pili juu ya ule wa kwanza.

Na suruali ivaliwe NJE ya buti. Kila mwaka tunaona miguu imeungua kuanzia kifundoni kwenda chini, umbo la buti kabisa.

#10 Mtoto wa Buguruni
Sista ubarikiwe. Bibi yangu alikuwa anapaka dawa ya meno kila kitu hadi malaria.

#11 Mama Ntilie wa Kipawa
Sista, na mimi nimwagikiwe mafuta ya chapati je?

#12 Sista wa Zamu ya Usiku
Maji ya bomba ya kawaida, dakika 20, na usipake kitu. Karibu tuendelee na asidi.

#13 Msimamizi Mstaafu
Nimefanya kazi viwandani Chang'ombe na Mikocheni hadi nikastaafu. Niongeze kwa Sista jambo linalonikera mpaka leo, la bafu la dharura.

Kiwango kinachofuatwa kimataifa ni mtu afike kwenye bafu ndani ya sekunde 10, na liweze kutoa lita kama 75 kwa dakika kwa dakika 15 mfululizo. Pigeni hesabu: ni zaidi ya lita 1,100 kwa mtu mmoja. Viwanda vingi nilivyopita, bafu limeungwa kwenye tangi la plastiki la lita 1,000 hilo hilo la vyoo, na siku ya mgao liko robo. Kwa hiyo bafu lipo, mkaguzi analiona, picha inapigwa, lakini mtu wa kweli akiungua maji yanakata katikati.

La pili ni joto. Maji yanatakiwa yawe kati ya nyuzi 16 na 38. Bomba jeusi limelazwa juu ya bati kuanzia asubuhi, saa nane mchana fungua uone. Nimewahi kujaribu kwa mkono, mkono wenyewe nikautoa. Majeruhi hawezi kukaa chini ya maji yale. Lizikeni bomba au mlifunike, na kila wiki bafu lifunguliwe hadi maji ya zamani yatoke. Ukilifungua mbele ya vibarua wapya wanajua pia liko wapi.

#14 Kobe wa Keko
Hayo yote yanataka hela, na ndiyo maana nikasema mabosi.

#15 Moto na Fimbo
Kobe, kila uzi jibu lako ni mabosi. Hata ule wa mvua ulisema mabosi.

#16 Kobe wa Keko
Na ule wa mvua nilikuwa sahihi, nani alijenga kwenye mkondo wa maji?

#17 Dereva wa Tunduma
Wakuu, mimi naendesha lori njia ya Tunduma kwenda Kongo. Watu wengi hapa Dar wakiona malori ya Kurasini yenye mzigo wa njano wanasema ni asidi. Hapana, ile ni salfa, inapita bandarini kwetu kwenda migodi ya shaba, kule ndiko wanaichoma na kutengeneza asidi. Hatari ya salfa ni moto na moshi wake unaokaba. Asidi yenyewe ina lori lake lenye kibao cha namba, 1830 chini na picha ya mkono unaoliwa na matone. Kostiki ya maji ni 1824, asidi ya haidrokloriki ni 1789. Ukiona ajali, soma namba kutoka mbali, upande upepo unakotokea, ndipo upige 114 Zimamoto uwatajie. Usikimbilie na dumu la kuchotea.

Nilikuwa na mzigo upande wa Zambia Februari 2025 lile bwawa la taka za asidi lilipopasuka Chambishi. Asidi ikaingia kijitoni hadi Mto Kafue, samaki wakaelea, Kitwe wakafungiwa maji. Serikali yao ilimwaga chokaa kwa ndege. Mimi nilinunua maji ya chupa ya kunywa na ya kuoga.

Na tusisahau, uvujaji mwingi haupo kwenye tangi, upo kwenye kushusha mzigo. Mnafika usiku, mabomba mawili ya kupokelea yamesimama pamoja, hayana maandishi, anayekupokea ni mlinzi.

#18 Mkemia wa Kitaa
Dereva umegusa pabaya hasa. Atchison, Kansas, Oktoba 2016: lori la asidi ya salfuriki liliunganishwa kwenye mdomo wa tangi la dawa ya klorini ya maji. Midomo miwili ilikuwa karibu karibu, inafanana, ule wa klorini haukufungwa kufuli. Wingu la klorini likatanda mjini, zaidi ya watu 140 wakatafuta matibabu. Hakuna kilichopasuka wala kilichooza, kila bomba lilikuwa zima.

Dawa yake ni ya bei ndogo mno: kila mdomo uwe na kufuli, ufunguo ukae kwa mtu wa zamu sio mlinzi, na flenji (vichwa vya kuungia mabomba) ziwe za ukubwa tofauti ili mpira wa asidi ukatae kabisa kuingia kwenye klorini. Nyumbani ndiyo yaleyale, dada zetu wanachanganya dawa ya kutakatisha nguo na ya kusafishia choo.

#19 Mkazi wa Vingunguti
Nimesoma uzi wote nikiwa nasubiri mtu aseme kuhusu sisi tunaoishi nyuma ya ukuta. Nyie mna buti na bafu. Sisi tuna mtaro. Mvua ikinyesha kuna siku maji ya mtaroni yanatoa povu na harufu ya kukata pua, watoto wanacheza humo, na mtaro unaishia Mto Msimbazi. Ikitokea kama la huyu fundi usiku, nani anatuambia? Hatujawahi kusikia king'ora hata cha majaribio.

#20 Msimamizi Mstaafu
Dada, una haki kabisa ya kuuliza. Mpango wa dharura wa kiwanda unatakiwa uwajue majirani: ofisi ya serikali ya mtaa iwe na namba ya simu ya zamu, na mjue mtakimbilia wapi. Hapo upepo ndio kila kitu. Wakati wa kusi unavuma kutoka kusini, kwa hiyo mvuke wa viwanda vya Barabara ya Nyerere unakuja kwenu Vingunguti. Kaskazi ikiingia mambo yanageuka. Mpango uliochorwa mwezi Januari na mshale mmoja tu utawapeleka watu ndani ya moshi mwezi Julai. Kiwanda kiwe na bendera juu ya paa, na nyie muione kutoka nje.

Mkikimbia, msikimbie na upepo, mkate kwa ubavu.

#21 Karani wa Ilala
Hayo yote kazi ya OSHA, ndio wanaotoa vibali vya kemikali. Wakalalamikiwe wao.

#22 Mwanasheria Kijana
Karani, hapana, tusichanganye. Kemikali za viwandani zinasajiliwa na kupewa vibali na Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya 2003. OSHA wanasajili na kukagua mahali pa kazi kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Mtaro wa huyo dada ni NEMC, wasimamizi wa mazingira, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Moto na uokoaji ni Zimamoto.

Na Fundi wa Zamu, yule kijana deiwaka asiambiwe yeye sio mwajiriwa. Tukio liandikwe na lipelekwe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Tunzeni buti lake na suruali, msitupe.

#23 Karani wa Ilala
Sawa mwanasheria, nimekupata.

#24 Fundi wa Zamu
Buti lipo, nimelifungia kwenye mfuko. Jamani nirudisheni saa ile ya kwanza. Tulikuwa na magunia ya chokaa kama sita stoo. Tungemwaga yote?

#25 Mkemia wa Kitaa
Hapa ndipo hesabu inaumiza. Lita moja ya asidi ya 98 ina uzito wa kilo 1.84. Kuiua inataka kilo 1.36 za chokaa iliyozimwa, na hiyo ni chokaa safi. Ukitumia magadi ya soda (soda ash) ni kama kilo 1.95 kwa lita, na itafura povu la hewa ya ukaa hadi ifurike. Kwa hiyo lita 1,000 zinataka zaidi ya tani 1.3 za chokaa. Magunia yenu sita ya kilo 25 yangemaliza kama lita 110.

Chokaa ni ya kumalizia mabaki. Saa ya kwanza ni kuondoa watu walio upande upepo unakoelekea, kuziba midomo ya mitaro kwa mchanga mkavu, na kuhamisha asidi kwenda tangi jingine ili kiwango kishuke chini ya tundu. Sio vumbi la mbao wala matambara, asidi kali inayageuza makaa na yanapata moto. Sio mpira wa maji kwenye dimbwi, kwa sababu mtaumba asidi nyepesi ya moto inayokula zege na chuma. Maji ni ya binadamu. Na aliyeingia karibu awe na glavu ndefu za mpira mzito na kioo cha uso, zile glavu nyembamba za hospitali zinapita kwa asidi hii bila salamu.

#26 Moto na Fimbo
Beseni la zege la kuzunguka tangi, la kudaka kinachomwagika, mlikuwa nalo?

#27 Fundi wa Zamu
Lipo. Ila koki ya kutolea maji ya mvua ilikuwa wazi. Mlinzi huwa anaifungua masika beseni lisijae.

#28 Msimamizi Mstaafu
Hapo sasa. Beseni linatakiwa libebe asilimia 110 ya tangi kubwa lililo ndani yake. Likiwa na koki wazi linabeba sifuri. Likiwa limejaa maji ya mvua napo ni balaa, asidi inaingia ndani ya maji na kuchemka. Wekeni kibati cha kuezeka juu yake, koki iwe na kufuli, na maji yapimwe kwa karatasi ya litmasi kabla ya kuachiwa. Karatasi hiyo ni rahisi kuliko soda ya chupa.

Mkazi wa Vingunguti, ile povu mnayoiona mvua ikinyesha huenda inapitia koki za namna hii.

#29 Mkazi wa Vingunguti
Nitapeleka hili kwenye mkutano wa mtaa. Nataka koki hizo zioneshwe, sio kuelezwa.

#30 Shabiki wa Mapipa
Samahani natoka nje kidogo. Nanunua mapipa ya bluu yaliyotumika njia ya Tabata, nauza kwa mama lishe wa kuhifadhi maji. Chini yana namba 2 ndani ya pembe tatu, wanasema hiyo maana yake ni salama kwa chakula. Kweli?

#31 Mkemia wa Kitaa
Namba 2 inaeleza aina ya plastiki tu. Haijui lilibeba nini. Pipa lililobeba kemikali, plastiki imeshafyonza kidogo kidogo, huwezi kuiosha ikaisha. Angalia pia muhuri wenye umbo la saa uliochongwa kwenye plastiki, unaonyesha mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Yale makontena ya lita 1,000 yenye kizimba cha chuma yanaruhusiwa kubeba kemikali hatari kwa miaka 5 tu tangu kutengenezwa, jua linayafanya yawe kama ganda. Viwanda vikiyauza baada ya hapo, kuna mtu mwingine anayajaza tena asidi barabarani. Naomba usiyauze kwa maji ya kunywa.

#32 Mama Ntilie wa Kipawa
Na mimi ninalo moja! Lilikuja na harufu ya maua.

#33 Sista wa Zamu ya Usiku
Mama, lifanye la takataka. Leo.

#34 Mrekebisha Boila
Nimechelewa kufika. Sikubaliani na Mkemia kuhusu chanzo. Tangi limekaa juu ya msingi wa zege, chini kuna mchanga na maji ya chumvi, hapa Dar maji ya visima ni ya chumvi na beseni linaoshwa nayo. Bamba la chini linaoza kutoka NJE kwenda ndani miaka yote, hakuna anayeliona. Lilipokuwa limejaa halikusogea. Kulitoa na kulijaza tena, bamba likapanda na kushuka, sehemu nyembamba ikapasuka. Kukaa tupu hakukuua, kulifichua tu.

#35 Kobe wa Keko
Ndiyo nilichosema posti ya pili.

#36 Mkemia wa Kitaa
Mrekebisha, ingekuwa hivyo tundu lingekuwa katikati ya bamba pia. Fundi wa Zamu anasema mshono.

#37 Mrekebisha Boila
Mshono ndio unaoanza, maji yanalala ukingoni.

#38 Dereva wa Tunduma
Mna uhakika mzigo mpya ulikuwa wa 98 kweli? Nimeona malori yanaoshwa ndani kwa maji halafu yanapakia bila kukauka. Ikishuka chini ya 90 huko chini ya tangi, imekwisha.

#39 Moto na Fimbo
Na mimi naongeza la nne. Spidi. Asidi kali ikisukumwa haraka inaosha lile tabaka la salfeti. Kama bomba la kujazia linamwaga moja kwa moja ukutani au kwenye mshono, kila mzigo unachimba pale pale. Mapovu ya haidrojeni nayo yanachora mifereji yakipanda ukutani, nimeiona kwa macho, bamba limechanwa mistari ya wima.

#40 Fundi wa Zamu
Bomba la kujazia linashukia upande uleule wa tundu. Na cheti cha mzigo tunacho, kimeandikwa 98, ila hakuna aliyepima alipopokea. Kwa hiyo wote mna hoja.

Asidi imeshahamishwa. Tunasubiri kampuni ya kupima unene kwa mawimbi ya sauti, halafu bamba litakatwa baridi, bila cheche.

#41 Mrekebisha Boila
Likikatwa, lala chini uangalie tundu: mdomo mpana uko ndani au nje? Upande mpana ndiko kutu ilikoanzia.

#42 Mkemia wa Kitaa
Na kabla hata ya hiyo misumeno, fungueni mfuniko wa juu, ipulizwe hewa, ipimwe haidrojeni mara mbili, asubuhi na kabla ya kuanza. Mtu asiingize kichwa. Piga picha pande zote mbili uweke hapa.

#43 Fundi wa Pugu
Wakuu nami nina tangi kama hilo na kiwanda chetu kinafunga mwezi mzima Desemba. Nimeagizwa nilimwage libaki tupu. Nifanyeje?

#44 Mkemia wa Kitaa
Usilimwage kama hamna sababu ya kuingia ndani. Liache na asidi ya 98, bomba la kupumulia liwekewe chujio la dawa ya kukausha hewa, koki ya beseni ifungwe kufuli. Kama lazima liwe tupu, basi lioshwe kabisa kwa maji mengi na haraka, lisawazishwe kwa soda, likaushwe siku hiyo hiyo. Kati ya hayo mawili hakuna pa kusimama.

#45 Mrekebisha Boila
Na kabla ya Desemba pima unene wa bamba la chini. Mkemia hataki kusikia lakini pima.